Nilivyompeleka Mkwe Wangu kwa Sindano Zisizo na Dawa

Nyinyi wa chama mmeniuliza mmoja mmoja, na mmoja mmoja nimewajibu tofauti. Mama Boke nilimwambia safari ilikuwa nzuri. Mama Halima wa duka nilimwambia nusura tumpoteze mtu. Juzi mmekutana mkalinganisha, sasa mnasema kichwa changu kimeanza kuchanganya mambo. Ni kweli kimechanganya, lakini msiseme ni uzee, kilichanganya huko huko njiani. Kwa hivyo nimechukua daftari ya mjukuu nikaandika yote mara moja, msome wenyewe. Mimi ni wa darasa la tatu, mnajua. Na ninaandika Kiswahili kwa sababu Mama Boke ni Mkuria, na Kijaluo anachokijua ni matusi tu.

Okoth mnamjua, Baba Achieng, aliyemwoa binti yangu Akinyi. Ni miezi saba tangu ukuta wa shimo la dhahabu umwangukie hapa Osiri. Walimvuta kwa kamba ya kwapani, wakampandisha juu kama ndoo, na tangu hapo kutoka kitovuni kwenda chini hajui kama ana mwili. Hospitali waliufunga mfupa wa mgongo, wakasema mfupa utapona lakini waya za ndani ndizo zimeumia, twende nyumbani tungoje. Tukangoja. Ndipo tukasikia kuna daktari anayewafanyisha mazoezi waliopooza, na kuwadunga sindano nyembamba za Kichina, katika kliniki ndogo ng'ambo ya Homa Bay, njia ya Lambwe. Anakuja kwa wiki moja, kisha anaenda kwingine. Akinyi akaandikisha jina la mume wake.

Sasa kitu kimoja, kwa wale ambao si Wajaluo. Mimi ni maro wake, mama mkwe. Maro na mkwe hawalali chini ya paa moja. Hawaketi sahani moja. Na kumwona mwili bila nguo, hiyo hata kuiandika mkono wangu unasita. Kumbukeni hilo mnaposoma, msije mkaniuliza tena.

Osiri mpaka Migori, mahali nilipokuwa nirudie

Mimi sikuwa wa kwenda. Akinyi alikuwa amejifungua siku tisa tu zilizopita, hawezi. Mama ya Okoth alishafariki. Aliyekuwa wa kwenda ni ndugu yake, Ouma, ambaye pia ndiye aliyekuwa akimtunza zile siku tisa Akinyi akiwa amelala na mtoto. Ouma alitangulia Migori siku moja mbele, ati atatungoja stendi. Mimi nilipanda gari niwasindikize mpaka Migori tu, ninunue nepi na karai, nirudi.

Gari lilikuwa pikapu ya Mzee Chacha, yule Mkuria wa ndizi. Alikuwa anapeleka ndizi Homa Bay, akakubali tulaze godoro katikati ya mikungu. Okoth akalazwa pale, turubai juu, ndizi huku na huku, kama naye ni wa kuuzwa. Mimi nikaketi mbele. Kioo cha nyuma kilikuwa kimevunjika, kwa hivyo tunasikizana vizuri kabisa, lakini si mnajua adabu, mtu hamwongeleshi mkwe wake hivi hivi tu.

"Chacha," nikasema, "muulize Baba Achieng kama yuko sawa."

"Amesikia mwenyewe, mama. Kichwa chake kiko hapa kwa sikio langu."

"Wewe muulize."

Chacha akapumua. "Baba Achieng, uko sawa?"

"Mwambie Mama niko sawa."

"Anasema yuko sawa," Chacha akaniambia, na kicheko kikamtoka. "Nyinyi Wajaluo mtanimaliza. Nimebeba mgonjwa, nimebeba ndizi, sasa nabeba na maneno."

"Kwenu kwani mama mkwe anakaa wapi?"

"Mbali! Hapandi hata gari moja!" Basi tukacheka wote, hata Okoth huko nyuma. Mzee huyo namtania tangu zamani, nilipokuwa nikiuza vyungu Isebania, yeye akivusha ndizi kutoka Sirare. Siku moja alikalia chungu changu akidhani ni kigoda. Lakini hiyo ni hadithi nyingine.

Migori, Ouma hayupo. Tukapiga simu, imezimwa. Tukamngoja stendi mpaka jua likatoka upande mmoja wa pikapu likaingia upande wa pili. Mshona viatu mmoja wa pale stendi akatuambia amemwona Ouma asubuhi akipanda gari la Kisii, na begi. Mpaka leo hatujui Kisii kulikuwa na nini.

Chacha akaniangalia. "Mama, ndizi zinaiva."

"Turudi nyumbani," sauti ya Okoth ikasema kutoka nyuma. Haikusema "mwambie Mama". Ilisema tu. Nikajua amekata tamaa, kwa sababu mtu akikata tamaa hata adabu anaisahau.

Nikasema, "Chacha, mwambie Baba Achieng kwamba tunaenda Homa Bay." Karai sikununua.

Migori mpaka Rongo, na ile trela ya miwa

Karibu na Awendo trekta ilikuwa imeangusha trela ya miwa barabarani, pande zote zimefungwa. Watu hawakuonekana na haraka. Kila mtu ameshika muwa. Mama mmoja mgeni kabisa alituletea mitatu kana kwamba ni ya shamba lake. Tukatafuna tukingoja.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa mara ya kwanza. Okoth alianza kuguna, halafu akamwita Chacha: miguu inawaka moto, inaungua, kama amesimama kwenye makaa. Sasa nyinyi niambieni. Huyu ni mtu ambaye Akinyi aliwahi kumwagia chai ya moto mguuni kwa bahati mbaya na hakujua mpaka alipoona malengelenge. Mguu usiojua chai unajuaje moto ambao haupo? Nilimwuliza yule mama wa miwa, akasema ni mapepo. Nikamwuliza Chacha, akasema ni waya: redio ikikatika waya haishiki stesheni lakini bado inapiga kelele. Maneno ya Chacha nayo yalinichanganya, lakini niliyapenda zaidi.

Daktari wa hospitali alikuwa amesema mtu wa hivi ageuzwe kila baada ya muda, asilalie upande mmoja. Kwa hivyo kila tuliposimama nilisema, "Chacha, mgeuze Baba Achieng," nami nageuka kuangalia barabara. Nasikia Chacha akisema "moja, mbili, haya", nasikia Okoth akisema "basi, inatosha, usitoe blanketi." Naangalia barabara. Nikadhani kazi imefanyika.

Rongo, kula

Hoteli ya Rongo ilikuwa na samaki wa kukaanga na ugali, na mboga ya osuga chungu sawasawa. Tukamshusha Okoth kwenye kiti cha magurudumu, akaingizwa mezani. Mimi nikachukua sahani yangu nikaketi kwenye kona, uso ukutani. Msichana wa hoteli akaja mbio.

"Mama, umekasirika? Hapa pako na nafasi na mzee wako na kijana wenu."

"Mzee gani?"

Akamwonyesha Chacha. Chacha akajishika kifua. "Amenikasirikia tangu Migori," akasema. "Nimemwomba msamaha, amekataa."

Msichana wa watu akaniletea supu ya bure nimsamehe mume wangu. Nikainywa. Supu haina kosa. Okoth alicheka mpaka mguu wake mmoja ukaanza kuruka chini ya meza, tap tap tap, wenyewe tu, glasi zikatetemeka. Akaukandamiza kwa mkono kama mtu anayemnyamazisha mbwa. Nilikuwa nimegeuka, nikamwona uso. Kicheko kilikuwa kimeisha.

Homa Bay na kwingine, tukitafuta daktari

Homa Bay mjini Chacha alishusha ndizi kwanza, halafu tukashika njia ya Lambwe. Tukawa tunauliza, "Daktari wa kudunga yuko wapi? Yule wa wiki moja?" Kila mtu anamjua. Mbele, kushoto, kwenye miti. Tukaenda mbele, kushoto, kwenye miti, tukakuta foleni. Foleni ya ng'ombe. Bwana mmoja wa buti ndefu anadunga ng'ombe dawa ya ndorobo, na yeye pia ni wa wiki moja.

Akaja dirishani, bomba la sindano mkononi. "Wenu yuko wapi?"

Chacha alikuwa ameshachoka. "Amelala nyuma."

Yule bwana akafunua turubai, akakutana na Okoth uso kwa uso.

"Habari ya jioni, daktari," Okoth akasema.

Jamani. Huyo bwana aliruka. Lakini alikuwa mtu mzuri, aliacha ng'ombe zake akapanda nasi mpaka kwenye lango la kliniki asije akatupoteza tena.

Daktari mwenyewe alikuwa binti wa Kikamba, mwembamba, anaitwa Daktari Mueni. Akaniuliza, "Wewe ni mama yake?" Nikasema ndiyo, mimi ni mama. Kwetu mama wa mke ni mama. Yeye akaandika anavyojua. Akatuonyesha chumba chenye vitanda viwili, cha mgonjwa na cha mama yake. Chacha akasema atarudi Ijumaa, akaondoka. Mimi nikachukua blanketi langu nikaenda kulala jikoni kwa mpishi. Asubuhi, nikiwa nyuma ya jiko, nilimsikia daktari akimwambia mpishi, "Huyo mama hampendi mtoto wake." Nianzie wapi?

Siku ya kwanza ya sindano

Daktari alianza na maswali. "Mama, ngozi ya mgongo na makalio umeiangalia leo? Iko sawa?"

Sasa ningejibu nini mbele ya mkwe wangu? Kwamba mimi nimwangalie wapi? Nikasema haraka, "Iko sawa, iko sawa," nikiangalia dari. Okoth naye akasema iko sawa. Daktari akasema leo, kwa sababu amechoka na safari, atadunga mikono na chini ya magoti tu, kesho atamgeuza.

Sindano zenyewe ni kama unywele wa paka. Anadunga, anaiacha imesimama, anadunga nyingine. Nilizihesabu mpaka nikachoka. Lakini nikaona kitu kimoja: hakuna chupa, hakuna bomba, hakuna dawa. Nikafikiri, tumekwisha, huku nako dawa imeisha kama kwetu. Si mnajua hospitali zetu, unapewa karatasi ukanunue mwenyewe. Nikamsogelea polepole nisimwaibishe.

"Daktari, kama dawa imeisha sema tu. Niandikie, nitaenda kemisti Homa Bay."

"Dawa gani, Mama?"

"Ya kuweka ndani ya sindano."

"Hazina dawa. Sindano yenyewe ndiyo kazi."

"Na hiyo kazi ni gani?"

Akaweka chini alichoshika akaniambia taratibu. Sindano haziungi waya zilizokatika. Pengine zinapunguza ule moto wa miguu, kwa wengine zimepunguza, kwa wengine hapana, naye hawezi kuahidi. Kazi kubwa ni mazoezi, kujibeba kwa mikono, na kutunza ngozi. Nilimsikia vizuri. Nikaelewa kila neno, na yote pamoja sikuelewa. Mtu asafiri na ndizi siku nzima kwa ajili ya pengine?

Hapo hapo akadunga moja chini ya goti, na mguu wa Okoth ukaruka juu. Juu kabisa! Mimi nikapiga vigelegele. Mpishi akaja mbio, naye akapiga bila kujua ni vya nini. "Mguu umeruka! Bwana asifiwe, mguu umeruka!" nikapaza sauti. Wagonjwa wengine wawili wakapiga makofi. Nikaangalia uso wa Okoth kwa mara ya kwanza bila haya, nimwone anavyofurahi.

Alikuwa ameuma mdomo.

"Mama," akaniambia, moja kwa moja, bila Chacha, "si mimi nimeuinua."

Daktari akasema ndivyo, mguu unaruka wenyewe, kichwa hakijauambia kitu. Nikaketi. Vigelegele, ukishavipiga, hakuna mahali pa kuvirudisha.

Siku ya pili

Siku ya pili walimgeuza, mimi niko mlangoni nimewapa mgongo. Nikasikia daktari akifunua blanketi. Halafu, "Mama, njoo hapa." Sikuenda. "Mama! Njoo uone ulichoniambia kiko sawa!"

Kidonda. Juu ya mfupa ule wa mwisho wa mgongo, mahali anapolalia. Alinieleza mimi nikiwa bado nimempa mgongo: upana wa kifuniko cha soda, pembeni cheusi, kinaanza kwenda ndani. Akasema mgonjwa wa uti wa mgongo haumii nyama yake inapoanza kuoza, kwa hivyo hajui, kwa hivyo lazima mtu mwingine awe macho yake. Akasema kidonda kama hiki kinaweza kumuua kabla mgongo haujafanya lolote. Sindano amezisimamisha. Kuanzia sasa ageuzwe kila saa mbili, kioshwe, kiangaliwe kama kinakua. Kikikua anampeleka hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Yeye na msaidizi wake wana wagonjwa wengine. "Na wewe mama yake umekaa mlangoni!"

"Usimgombeze," Okoth akasema, uso wake kwenye mto. "Huyo si mama yangu mzazi. Ni maro. Ni mama wa mke wangu."

Daktari hakuelewa. Ikabidi Okoth amweleze akiwa amelala hivyo hivyo, na katika kumweleza nikajua yote. Akinyi alikuwa akimwangalia kila siku, miezi saba, ngozi ikawa safi. Akinyi akajifungua. Ouma hakuwa akimgeuza, alikuwa akimwekea chakula mlangoni anaenda zake. Okoth alijua kuna kitu kwa harufu. Njiani Chacha alipotaka kufunua alimkataza, kwa sababu mimi niko hapo mbele, kioo hakipo, Chacha angesema kwa sauti, na mimi ningejua. "Afadhali nife kuliko Mama aone," akasema.

Nilitoka nje nikampigia Akinyi. Mtoto analia huko, yeye analia, mimi nalia, kliniki nzima inanisikia. Nikamwambia mambo yalivyo. Akasema, "Mama, mimi niko mbali. Wewe uko hapo."

"Akinyi nyathina, mwanangu, hiyo ni chira. Italeta laana kwa watoto wenu."

"Watoto wangu wakikosa baba, hiyo itakuwa nini?"

Akakata simu. Sijui kama ni chaji au ni hasira, mpaka leo sijamuuliza.

Nikaketi kwenye ngazi. Nilimkumbuka mama yangu mzazi, aliyenitembelea mara nne tu katika ndoa yangu yote, na siku ya mvua kubwa akalala kwa jirani ili asilale kwa mume wangu. Alikufa akiwa na heshima yake yote. Nilitaka kufa hivyo.

Nilikuwa nimejifunga leso. Ile nyekundu, ambayo Okoth mwenyewe aliniletea siku walipokuja nyumbani kuomba nikubali ndoa. Nilikuwa nikiivaa safarini tu na kanisani. Nikarudi ndani nikamwomba daktari makasi.

"Ya nini?"

"Wewe nipe."

Nikaikunja katikati, nikakata tundu, kubwa kama mdomo wa kikombe. Yale maandishi ya chini yakakatika, hayasomeki tena. Nikampa daktari nikamwambia, "Mfunike wote. Kichwa mpaka miguu. Tundu liwe pale. Halafu uniite."

Wa kwanza kuelewa alikuwa Okoth. "Mfanyie hivyo, daktari," akasema.

Nikaingia. Hapakuwa na mkwe wangu pale, palikuwa na leso yangu na dirisha, na kwenye dirisha kidonda. Nikakiona. Daktari akanionyesha maji ya chumvi, kitambaa, namna ya kufuta bila kusugua.

"Nakuumiza?" nikauliza leso.

"Sijui, Mama," leso ikanijibu. "Wewe endelea."

Kila saa mbili msaidizi alimgeuza, leso ikawekwa, nikaitwa, mchana wote mpaka Ijumaa. Usiku msaidizi alikuwa peke yake kwa zamu, hiyo sikuigusa. Siku ya tatu kidonda kilikuwa vile vile. Siku ya nne daktari akaja na tochi, akasema weusi umeacha kusogea. Akarudisha sindano, za mikononi na za miguuni. Nilikuwa nimekaa pale nikamsikia Okoth akimwambia ule moto umeshuka, kama makaa yaliyomwagiwa majivu. Ni sindano? Ni kidonda? Ni mazoezi ya kujiinua kwa mikono aliyokuwa akifanya mpaka jasho? Niliuliza. Daktari akasema hajui kwa hakika. Nilimpenda kwa hilo, lakini bado nimechanganyikiwa.

Kurudi

Chacha alikuja na pikapu tupu. Safari hii alipofika Rongo akasema, "Mama, nimgeuze?" Nikasema mgeuze, mfunike na hii, halafu uniite. Akaishika leso, akaangalia tundu, akaniangalia mimi kupitia kwenye tundu. Kisha akapanda nyuma kumgeuza.

Osiri walikuwa wametungoja. Mliokuwepo mnajua. Wale vijana wa mashimo walijipanga wamwone akishuka kwa miguu, na Okoth akashuka kwa mikono, akajihamisha mwenyewe kutoka godoroni mpaka kitini, peke yake, bila kushikwa. Wengi waliondoka. Waliona hakuna kilichotokea.

Wazee wameshaniita. Wanasema lazima nifanyiwe dawa ya kusafishwa, wanabishana ni ipi, kwa sababu hakuna anayekumbuka maro aliyeangalia kupitia tundu. Mmoja anasema niliona. Mwingine anasema sikuona. Nimewaambia wakiamua waniite, nitakuja.

Kwa sasa Akinyi amerudi kuosha mawe ya dhahabu, asubuhi hayupo, na Ouma hajarudi. Asubuhi kama saa nne nikiwa kwangu, upande wa pili wa soko, nasikia Okoth akiita kwa sauti yake yote, na mkimsikia msishangae, sokoni pote wanamsikia, "Mama! Jirani amekuja kunigeuza! Lete leso!"

Nami ninaacha chai ninaenda.